Bibi wa Gazetini

Juzi mjukuu wangu wa kiume, huyo msomi, alimkuta dada yake anasoma hadithi ya mapenzi huku machozi yanamchuruzika, akamcheka. "Nyie wanawake mnapenda kulizwa," akasema. "Tena mnatoa hela yenu mlizwe." Nikamwambia anyamaze kabla sijamrushia kiatu. Hakunyamaza. Akanigeukia: haya bibi, wewe mwenye majibu, niambie kwa nini hadithi ikiwa raha tupu mnaitupa? Nilitaka kumjibu palepale, lakini jibu langu si la kusema kwa pumzi moja. Jibu langu liko Temeke, wakati wa Mwingereza, katika wiki moja ambayo hata leo sijaisahau.

Temeke ya wakati huo ilikuwa minazi na mikorosho, na katikati yake nyumba zetu za miti na udongo zilizoezekwa makuti. Baba alikwishafariki. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, dada yangu mkubwa na mie. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne, na pale mtaani hakukuwa na mwanamke mwingine aliyejua kusoma herufi za Kizungu. Wengi walikuwa wanasoma msahafu vizuri kunishinda, lakini gazeti liliwapiga chenga. Basi kila alasiri, wanawake walipokuja uani kwetu kusuka ukili wa mikeka, wao walisuka na mie niliwasomea.

Dada alikuwa amerudi nyumbani kwa talaka. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mwanamume mzuri wa sura, mtamu wa maneno, na mwenye wivu usio na kifani. Akienda kazini alimfungia mkewe ndani kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Siku moja jiko la mafuta ya taa likalipuka dada akiwa humo ndani. Majirani wakavunja mlango wakamtoa, mkono wa kushoto umeungua kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye kiganja. Mume aliporudi akakuta mlango wake umevunjwa na wanaume wa watu, hakuuliza mkono. Aliuliza nani aliingia. Siku hiyohiyo akamwacha, talaka moja.

Eda ikaisha bila kumrejea. Mie na mama tukapumua. Kumbe tulipumua mapema. Haukupita muda zikaanza kuja kanga, ikaja halua ya kikapuni, zikaja salamu kwamba bwana hali hanywi. Mwishowe akamtuma mzee mmoja wa kwao na posa, safi kabisa, kama mtu anayeoa mara ya kwanza: ndoa mpya na mahari mapya. Baba mdogo, aliyekuwa akikaa Kinondoni na ndiye walii wetu, msimamizi wa ndoa zetu, akapokea ujumbe na kusema kwamba Ijumaa, wakishatoka msikitini, atakuja na yule mzee kuchukua jibu.

Nieleze hapa, maana vijana wa leo hawajui. Mwanamwali akiulizwa kama ameridhika na mume, akinyamaza, kimya chake ni ndiyo. Lakini mwanamke aliyekwisha olewa akaachika, kimya chake si kitu. Lazima afungue kinywa, atamke mwenyewe, na walioko nje ya mlango wamsikie. Kwa hiyo Ijumaa ile dada hakuwa na pa kujificha. Lazima aseme narudi, au aseme sirudi.

Mama hakutaka arudi. Nilijua kwa sababu alikuwa anafagia uwanja uliokwisha fagiwa. Lakini hakusema neno, alikuwa anaogopa kwamba akisema "usirudi," na mtoto asipopata mume mwingine, lawama itamkaa yeye maisha. Na mie nilikuwa naogopa kufuli. Usiku nilikuwa nalala karibu na dada, naugusa ule mkono uliosinyaa, najiambia kwamba jiko lingine likilipuka majirani watakuwa shambani.

Sasa hayo magazeti. Gazeti zima jipya nani angelinunua kwetu? Yetu yalikuwa yanatoka kwenye duka la Mwarabu wa jirani, mzee mmoja ambaye baba yake alitoka Uarabuni, mwenyewe kazaliwa hapahapa na Kiswahili chake kitamu kuliko chetu. Alikuwa ananunua mjini magazeti ya zamani kwa mafungu, anayakata, anasokota vikaratasi vya kufungia chumvi, bizari na pilipili manga. Ndani ya fungu moja mlikuwa na hadithi iliyokuwa ikitoka kila wiki kipande kwa kipande. Nilikiona kipande cha kwanza kwenye chumvi. Nikakisoma uani kwa mchezo tu. Loh! Tangu siku ile hakuna aliyeniachia nipumue.

Ilikuwa hadithi ya bibi mmoja aliyefukuzwa na mumewe kwenye mvua, na furushi la nguo kichwani, kwa sababu ya fitina ya mwanamke mwingine. Bibi yule akahangaika, akaugua, akapona, halafu akarudi katika nyumba ileile aliyofukuzwa, kajifunika uso, akaajiriwa kama mtumishi. Akawa anampikia mume asiyemjua, anamtandikia kitanda alale na mke mwingine. Mume akaugua. Mke mpya akakimbia. Aliyebaki kumuuguza ni yule yule bibi, naye bado hajafunua uso.

Tulimwita bibi wa gazetini. Watu walikuwa wanaamka wanauliza hali yake. Jirani yetu mmoja muuza vitumbua, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, aliniambia mume wake akiugua yeye hata uji hampikii, lakini kwa ajili ya yule mwanamume wa karatasini amekosa usingizi. Tukawa tunanunua chumvi kidogo kidogo, kila mtu kwa zamu, tukitumaini karatasi itakuwa ile tunayoitaka. Mara nyingi tulipata habari za bei ya mkonge. Nyumba nzima ikajaa chumvi. Mama alitishia kutupikia uji wa chumvi mpaka tupate akili.

Na dada? Dada alikuwa analia kuliko wote. Tangu arudi nyumbani na mkono wake hakuwa ametoa chozi hata moja mbele yetu. Kila akikunja uso, kungwi wake, shangazi, sijui nani, walikuwa wanamwambia ajikaze, mbona wenzake wamevumilia makubwa. Lakini akimlilia bibi wa gazetini, hao hao walikuwa wanamsogezea nafasi kwenye jamvi na kumpa upindo wa kanga ajifute. Nilikuwa mdogo lakini niliona. Yule bibi alikuwa amempa ruhusa.

Ila niliona na jingine, na hili lilinichoma. Wale wanawake walikuwa wanamtazama dada kwa hamu ileile waliyokuwa wanasikilizia gazeti. Nikishamaliza kusoma, wanamgeukia yeye. Ehe, bwana kaleta nini leo? Kalia? Kakonda? "Mwanamume anakufungia kwa kufuli," muuza vitumbua akasema siku moja, "si kwa sababu anakupenda? Mie nikipotea siku mbili, wangu atajua siku ya tatu, akikosa chai." Wakacheka wote, na dada akacheka, na nikaona jinsi alivyoinamisha uso kama mtu aliyesifiwa. Nilitaka kuwapiga.

Kipande tulichokuwa tumefikia wiki ile kiliishia pabaya. Bibi wa gazetini amesimama mlangoni mwa chumba cha mgonjwa, kashika taa, mtandio umemdondoka usoni, na mume anafumbua macho. Basi. Chini yake tangazo la sabuni.

"Jamani!" muuza vitumbua akapiga kelele. "Atampokea? Atamfukuza?"

Hapo ndipo dada alipolisema lile neno. Alikuwa anasuka, hakuinua hata kichwa. "Akipokewa yule, na mie narudi. Akifukuzwa tena, sirudi."

Ukili ukamwanguka mama mkononi. "Unatazamia gazeti? Gazeti la kufungia bizari?"

"Si wewe uliyenikataza nisiende kwa mwalimu anitazamie bahati kwenye kitabu? Basi hiki ndicho kitabu changu."

Hakuna aliyecheka. Mtu wa mbali ataona ni upumbavu, lakini sisi tuliokaa pale tulimwelewa mara moja. Walikuwapo wanawake waliosafiri kwenda kufunguliwa vitabu na watu wasiowajua, wakaolewa au wakaacha kwa sababu ya ukurasa uliojifungua. Yeye alikuwa na bibi aliyeteseka kama yeye, tena mateso yake ameyasikia yote. Kwa nini asimwamini? Na ilikuwa Jumatano.

Alhamisi nilikwenda dukani mara sijui ngapi. Chumvi, bizari, chumvi tena. Mara ya mwisho yule mzee akaweka mikono juu ya meza. "Mwanangu, nyie kwenu mnakausha papa?"

"Shikamoo babu. Natafuta karatasi moja tu."

"Marahaba. Fungu lile limekwisha. Hizi ni za fungu jingine, na hizi nazo usinichakurie."

Nilifikiria dada atafanya nini bila ule mwisho, nikajijibu mwenyewe: atarudi. Mtu akikosa jibu hurudi alikozoea. Nikaanza kulia palepale mbele ya gunia la mchele, bila haya.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya pazia. "Mwambie apite uani."

Alikuwa mke wa mwenye duka. Sikuwahi kumwona uso, maana alikuwa hatoki, ila alikuwa anaazimana moto na mama juu ya ua wa makuti uliotenganisha nyumba zetu. Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, mwanamke wa makamo, mweupe, macho mekundu. Akafungua kopo la samli lililokuwa tupu, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri. Nikaijua kabla hajaikunjua. Juu yake kulikuwa na picha ndogo ya mwanamke na taa, kama zilivyokuwa nazo zote.

"Niliichukua kwa ajili ya picha," akasema. "Herufi zenu sizijui. Lakini hadithi naijua yote. Nakaa hapa nyuma ya ua, nakusikiliza kila alasiri."

"Kila alasiri, bibi?"

"Nalia hapa jikoni, nasingizia kitunguu. Bwana ananiuliza, mbona siku hizi kila chakula kitunguu?" Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Mie nililetwa hapa nikiwa mdogo kama wewe. Nina mengi ya kulilia, na siku ukianza kulia yako huna pa kuachia. Ya yule bibi yana pa kuachia. Ukinyamaza wewe, na mie nanyamaza, napakua chakula." Akanitia karatasi mkononi. "Soma kwa sauti. Kaa karibu na ua."

Sikungoja. Kwenye kichochoro baina ya nyumba zetu nikasimama, nikapitisha macho. Mwanamume yule anafumbua macho, anamtambua, analia, anaomba radhi. Anampokea. Wanaishi kwa raha.

Nilifikiria kuitupa ile karatasi kisimani. Halafu nikafikiria jingine lililo rahisi zaidi: mie ndiye ninayesoma. Nikisema kamfukuza, nani atanibishia? Nani anajua herufi? Nilifika uani nimekwisha yapanga maneno yangu mwenyewe, naona kabisa jinsi yule mume atakavyoinuka kitandani na kumtimua.

Walikuwa wamejaa. Watu wa mitaa ya pili walikuja. Dada kakaa katikati, hakushika ukili, mkono ulioungua kaulaza mapajani. Mama yuko mlangoni na ufagio. Nikakaa karibu na ua wa makuti, nikasikia upande wa pili kibao kikisogezwa.

Nikafungua kinywa. Dada akanitazama, na nikajua siwezi. Alikuwa ameniamini katika mateso yote ya yule bibi, tangu mvua mpaka taa. Ningemdanganya mwisho tu, na ya nyuma yote yangekuwa uongo. Nikasoma kama ilivyoandikwa. Mume akafumbua macho. Akamtambua. Akalia. Akamshika mkono, akasema nisamehe. Akamsamehe. Wakaishi kwa raha na mapenzi mpaka uzee wao. Mwisho.

Muuza vitumbua akangoja, akaona siendelei.

"Ehe?"

"Imekwisha."

"Imekwisha vipi? Raha gani? Walikula nini? Alimnunulia nini? Yule mke mwingine je?"

"Haikuandikwa."

"Aa! Ndiyo hivyo tu?" Akausukuma ukili wake kando. "Tumekesha na mgonjwa mwezi mzima, kapona, hata kikombe cha chai hatujapewa!"

Wengine wakaguna. Mmoja akasema heri angekufa mmoja wao. Nilimsikia kwa masikio yangu. Mie nilikuwa namtazama dada. Furaha ile niliyokuwa naiogopa sikuiona usoni mwake. Alikuwa amekunja paji la uso kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa amekishika sasa hivi.

"Nionyeshe," akasema. "Hiyo raha inaanzia wapi na inaishia wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Hapa, mpaka hapa.

Akaichukua karatasi, akailaza mapajani, akaweka kiganja chake juu. Kile cha mkono ulioungua, kilichosinyaa kikawa kidogo kama cha mtoto. Raha yote ikafunikwa. Haikubaki hata herufi moja nje. Halafu akageuka akatazama lile rundo la karatasi zetu nyingine, tulizoziwekea jiwe zisipeperuke, zile za mvua na homa na kutandika kitanda. Akazitazama kwa muda. Akaingia ndani, na jioni ile hakula.

Mama akaniuliza kwa macho, nami nikainua mabega. Amepokewa yule, na dada alikuwa amekwisha sema. Usiku kucha nilikuwa namsikia anageuka.

Ijumaa wakaja, baba mdogo na kanzu yake nyeupe ya msikitini, na yule mzee wa posa nyuma yake na kifurushi kingine cha kanga. Wakakaa barazani. Dada alikuwa nyuma ya mlango, mama kashika kizingiti, mie nimeshika kanga ya mama. Mzee akasema mengi. Bwana anajuta. Bwana analia usiku na mchana. Bwana amekonda mpaka hawezi kukata usukani. Kila aliposema nilikuwa nasikia gazeti, hakika ya Mungu, neno kwa neno. Nikajua na dada analisikia.

Baba mdogo akakohoa. "Mwanangu, umesikia. Mimi siwezi kukusemea. Umeridhika kurudi?"

Kimya kikawa kirefu. Mzee akaanza kutabasamu, akasahau kwamba huyu si mwali.

"Nataka nisikie," baba mdogo akarudia.

"Sirudi."

Alisema kwa sauti mpaka wapita njia wakageuka. Mzee akashtuka. "Binti yangu, mwenzio analia!"

"Na alie. Mie nimekwisha lia." Akausogelea mlango. "Baba mdogo, nilifungiwa nikaungua, yeye akauliza nani aliingia. Akinirudisha atalia siku moja, atanishika mkono, halafu? Mateso gazeti zima, raha ya kufunika kwa kiganja. Hapana. Mwambie sirudi."

Baba mdogo hakuelewa hilo gazeti lilitoka wapi, lakini neno alilisikia, na mzee akachukua kifurushi chake. Mama alikaa chini palepale kizingitini akalia, akalia kweli, hakusingizia kitu. Mie nilimkumbatia dada kiunoni nikashindwa kumwachia.

Alasiri nilidhani hapatakuwa na watu. Hadithi imekwisha, na ya dada imekwisha, watafuata nini? Wakaja wachache, wakakaa wanasuka kimyakimya. Dada akatoka na jamvi lake, akakaa, akaliondoa lile jiwe, akazichambua karatasi. Hakujua kusoma, ila zile picha na madoa ya bizari alikuwa anayajua. Akatoa moja akanipa.

"Soma hii. Pale anapofukuzwa kwenye mvua."

"Dada! Si umeshajua mwisho?"

"Nimeshaujua. Na mie sirudi popote. Sasa soma, nilie kwa raha zangu."

Nyuma ya ua wa makuti nikasikia kibao kinasogezwa, na ile sauti ya jikoni ikasema, "Mwanangu, pandisha sauti kidogo." Nikapandisha sauti, nikasoma.